Nyumba ya Shamba na Wapangaji Wake



Tungependa kutimiza ahadi tuliyoiweka kwa muda mrefu. Tangu turejee kutoka Pemba hapana wiki iliyopita bila ya mmoja wenu kutusimamisha, ama msikitini baada ya sala, ama pale kwenye gati la mashua za kuvukia hori, akatuuliza: "Ile nyumba ya babu yenu imefika wapi? Yafaa kutengenezwa, au bora mtu ajenge mpya?" Jibu la swali hilo haliwezi kutolewa kwa kusimama, hasa katika joto la mwezi wa Agosti. Kwa hivyo tumeomba nafasi katika kurasa hizi, tukijua kuwa wengi kati ya jamaa zetu wa hapa Deira, wawe wa Unguja na Pemba, wa Mombasa na Lamu, au wa Ngazija, wana nyumba ya aina hiyo huko shamba. Nyumba ambayo kila mwaka husemwa kuwa mwaka ujao itatengenezwa.

Sisi tuliohusika ni ndugu watano, wanaume watatu na wanawake wawili. Mama yetu alivuka bahari mwaka 1969 akiwa na watoto wawili; sisi watatu waliobaki tulizaliwa hapa, tukalelewa katika vyumba viwili huko Naif, na Pemba tukaijua kwa masimulizi kabla ya kuijua kwa miguu. Nyumba tunayoieleza iko upande wa Wete, nusu saa kwa mguu kutoka barabara ya lami. Aliijenga babu yake mama yetu. Kwa mujibu wa masimulizi ya ukoo, ilijengwa katika miaka iliyofuatia kile kimbunga kikubwa cha mwaka 1872. Kimbunga hicho kiliing'oa mikarafuu ya Unguja, lakini Pemba ilisalimika kwa sehemu kubwa, na bei ya karafuu ilipopanda ndipo watu wengi wa Pemba walipopata uwezo wa kujenga kwa mawe na chokaa badala ya fito na udongo. Ni nyumba ya chini, haina ghorofa. Ina baraza mbele, ukumbi mrefu, vyumba vinne, na uani mkubwa uliokuwa ukianikwa karafuu.

Baada ya Mapinduzi ya mwaka 1964 sehemu kubwa ya shamba iligawiwa katika zile eka tatu tatu. Hatuyaandiki haya kwa kulalamika, kwani waliopewa ndio majirani zetu hadi leo na ndio waliotushika mkono katika kazi yote. Nyumba yenyewe ilibaki mikononi mwa mjomba wetu, aliyeishi humo hadi alipofariki mwaka 2015. Tangu hapo ilifungwa. Mnamo mwaka 2021 mama yetu, ambaye miaka mingi hakuwahi kutuomba jambo kubwa, alitamka kwa sauti ya kawaida kabisa, huku akichambua mchele, kuwa angependa kufunga Ramadhani moja katika nyumba ile kabla miguu yake haijamkatalia. Hakurudia tena maneno hayo. Wenye wazazi wa umri huo mnajua kwamba jambo lisilorudiwa ndilo lenye uzito.

Kabla hatujafika Pemba, turuhusuni tusimame kidogo hapa hapa Deira. Mtaani Al Ras kuna ile Nyumba ya Urithi iliyojengwa mwaka 1890, na jirani yake skuli ya Al Ahmadiya iliyoanzishwa mwaka 1912. Majengo hayo yalifanyiwa matengenezo na serikali ya mji katika miaka ya 1990, na wengi wetu tumewapeleka watoto kuyatazama. Mama yetu, kila tulipokwenda naye, hakuwa akitazama vyombo vilivyowekwa kwa maonyesho. Alikuwa akitazama dari. Pale juu zimelazwa boriti za mikoko ambazo watu wa hapa huziita chandal, na boriti za namna hiyo zililetwa Ghuba kwa majahazi kutoka Rufiji, Lamu na kwengineko katika pwani yetu. Biashara hiyo ilidumu karne nyingi, hadi saruji na chuma vilipoingia, na Kenya nayo ikapiga marufuku kusafirisha boriti hizo nje ya nchi mwaka 1982. Upana wa vyumba vya kizamani vya huku na vya kwetu karibu ni mmoja, kwa sababu uliamuliwa na urefu wa mti ule ule. Mama akisema: "Hawa wamelala chini ya miti yetu kabla sisi hatujaja." Tulikuwa tukicheka. Lakini jambo tulilolipata katika kuta za Al Ras lilitufaa sana baadaye: matengenezo yale yalifanywa kwa mawe ya bahari na chokaa, wala si kwa saruji.

Tulifika shambani mwezi wa Disemba mwaka 2022, wawili kati yetu, tukiwa na funguo mbili na orodha ndefu ya vitu vya kununua. Mlango ulifunguka bila ya kuhitaji ufunguo hata mmoja, kwa kuwa fremu ilikuwa imebaki ganda tu. Ndani yote imeliwa na mchwa. Mwanga ulipoingia ukumbini tulibaini kuwa nyumba hii, tuliyokuwa tukiihesabu kwa miaka saba kuwa ni tupu, haikuwa tupu hata siku moja. Ukutani palikuwa na mijusi kafiri wasiokuwa na idadi. Katika chumba cha mjomba, ndani ya zidaka lililokuwa na msahafu zamani, nyuki walikuwa wameingia katika ufa na kufanya makao. Uani palikuwa na ukukwi wa kijani amejinyoosha juu ya jiwe la kusagia, naye alitutazama kama mtu aliyekatishwa mazungumzo, kisha akaondoka taratibu. Juu ya dari, komba walikuwa wamekusanya majani makavu, na usiku wa kwanza walilia kwa ile sauti yao ya mtoto mchanga hata mdogo wetu, aliyezaliwa na kukulia Naif, akatoka kwenda kumtafuta mtoto.

Tukiwa wakaazi wa Deira, ambako mnyama wa porini ni njiwa anayetaga nyuma ya mashine ya kipoza hewa, tulijiona wageni. Mmoja wa majirani, mzee aliyekuwa rafiki wa mjomba, alitupa neno ambalo tulilichukulia mzaha lakini lilituongoza mpaka mwisho: tuwahesabu kwanza wapangaji, tujue nani analipa kodi na nani halipi, ndipo tuanze kutoa watu nje.

Mchwa halipi kodi. Hilo halikuwa na mjadala. Hata hivyo mchwa alitufundisha historia ya nyumba yetu kuliko mtu yeyote. Boriti za asili, za mikoko, baada ya zaidi ya miaka 100 zilikuwa nzima. Fundi alizigonga moja moja kwa nyundo na zikalia kama chuma. Mbao laini zilizotiwa katika miaka ya 1980, paa la makuti lilipobadilishwa kuwa la mabati, ndizo zilizogeuka unga. Na njia aliyopandia mchwa ilikuwa nyuma ya lipu ya saruji iliyopigwa wakati huo huo. Waliofanya hivyo walikuwa na nia njema, maana saruji ilikuwa alama ya maendeleo na kila aliyeweza aliipiga. Lakini ukuta wa mawe na chokaa hupumua. Maji huupanda kutoka ardhini na hutoka kwa jua. Ukiufunika kwa saruji, unyevu hukosa pa kutokea, hubaki ndani, chokaa ya kale hulegea, na mchwa hupata kivuli na maji vyote kwa pamoja. Tulipobandua lipu ile, ilianguka kwa mapande makubwa kama maganda ya yai, na nyuma yake ukuta ulikuwa umelowa ilhali mvua za vuli zilikwisha kupita.

Basi fundi mkuu, mtu wa makamo anayezijua nyumba za mawe kwa kuwa baba yake alizijenga, alitoa sharti: saruji isiingie. Chokaa ilichomwa kwa njia ile ile ya zamani, mawe yakipangwa juu ya duara kubwa la magogo, yakawashwa, na baada ya kupoa yakanyeshewa maji na kuachwa yalale. Kulala huko ndiko kulikomshinda kaka yetu mkubwa. Yeye ni mtu wa mahesabu, na ndiye aliyetoa sehemu kubwa ya fedha. Kila wiki alipiga simu kutoka Deira akiuliza kazi imefika wapi, naye akijibiwa: "Chokaa imelala." Mwezi wa pili aliuliza kama kuna mtu aliyejaribu kuiamsha.

Nyuki walituletea kheri. Mwenye mizinga kutoka kijiji cha pili alikuja baada ya Isha na moshi wa makumbi ya nazi, akafungua jiwe la zidaka, akamtafuta malkia, na kabla ya alfajiri kundi lote lilikuwa limehamia ndani ya mzinga wake. Hakutaka pesa. Alichukua nusu ya asali, na nusu nyingine aliiacha katika sufuria ya mjomba.

Sasa tufike kwenye jambo lililotaka kutugawa.

Fundi alipopanda ngazi kukagua dari ya upande wa mashariki alishuka upesi kuliko alivyopanda. Mle ndani, juu ya kichwa cha ukuta, alikuwamo bundi mweupe mwenye uso kama umbo la moyo, pamoja na makinda matatu yaliyokuwa yakitoa sauti kama mvuke unaotoka katika birika la chai. Vijana waliokuwa wakichanganya udongo walisimamisha kazi. Hatuna haja ya kukuelezeni kwa nini. Kwetu, kulia kwa bundi juu ya paa ni tangazo la msiba, na bundi aliyetaga ndani ya nyumba ni tangazo lisilokuwa na mwisho. Mama mdogo wetu alituma habari kutoka mjini Wete kwamba ndege huyo auawe siku hiyo hiyo, makinda yachomwe, na asomewe mtu maulidi.

Kwa siku nyingine jambo hilo lingemalizwa kwa utani. Lakini wiki ile ile, hapa Deira, mama yetu alikuwa amelazwa hospitali kwa ugonjwa wa mapafu, wa umri wake, na daktari alikuwa ametuambia maneno yale ambayo madaktari huyasema wakitazama karatasi badala ya uso. Habari za hospitali zilivuka kwenda Pemba, na habari za bundi zikavuka kuja Deira, zikapishana njiani. Kufika jioni, ukoo mzima ulikuwa umekwisha kuziunganisha.

Tulikutana usiku, watatu Deira na wawili upande wa pili wa simu. Dada yetu mkubwa, aliyesoma, alisema kuwa dini imekwisha kuikanusha imani ya kisirani cha ndege, na kwamba ni aibu kwetu kulijadili jambo hilo. Kaka yetu mkubwa alisema kuwa yeye pia haamini, ila kama ikitokea la kutokea, atawezaje kukaa matangani na watu wakamwangalia kuwa ndiye aliyemwacha bundi? Na hapo ndipo tulipotambua ukubwa wa jambo lenyewe, kwa sababu hakuna kati yetu aliyekuwa na jibu. Mtu anaweza kutokiamini kitu kwa akili yake yote na bado asiwe tayari kukiweka katika mizani pamoja na uhai wa mama yake. Mdogo wetu, aliyekuwa kule shambani, alisema jambo moja tu: "Mimi niko nao huku. Yule jike kila usiku analeta panya. Sitaweza kumpiga." Tulikata simu bila ya kuafikiana.

Asubuhi yake mama alipata nafuu kidogo na akaomba aambiwe kinachoendelea, kwani alikuwa amesikia minong'ono mlangoni. Tulimweleza kwa kuzungukazunguka. Alinyamaza kwa muda, tukadhani amekasirika. Kisha akasema, kwa pumzi fupi fupi: "Bundi alikuwa akilia juu ya ghala la karafuu la babu yangu tangu mimi sijazaliwa. Kama kazi yake ni kuita maiti, Wete isingebaki na mtu." Akapumzika. Kisha akaongeza kuwa babu yake alikataza watoto kumtupia mawe, kwa sababu magunia yalikuwa yakitobolewa na panya, na bundi alikuwa mlinzi asiyedai mshahara. "Mwacheni," akasema. "Mimi nikifa nitakufa kwa mapafu."

Hakufa, alhamdulillahi. Lakini tunapenda ieleweke kuwa hatukumwacha bundi kwa kuwa mama alipona. Uamuzi ulifanywa asubuhi ile, wakati hatujui lolote.

Ilibaki kumshawishi fundi. Mdogo wetu hakumpa hotuba. Alikusanya chini ya ile sehemu vile vitonge vyeusi ambavyo bundi huvitapika, kwa kuwa yeye humeza mawindo yake mazima na baadaye hutoa manyoya na mifupa, akavilowesha katika bakuli la maji na kuvifungua mbele ya mafundi. Katika kitonge kimoja walihesabu mafuvu matatu ya panya, meno yao ya manjano yangalimo. Fundi, ambaye mwaka uliopita alipoteza nusu ya mpunga wake kwa panya, aliviangalia kwa muda mrefu. "Kumbe ni paka mwenye mabawa," akasema. Kazi iliendelea upande wa magharibi kwanza, na ule wa mashariki ukasubiri wiki kadhaa hadi makinda yaliporuka. Baadaye fundi mwenyewe alitengeneza sanduku kwa mbao za mlango wa kale, akalipachika ndani ya tundu la ukuta, likiwa na mlango kwa nje na limezibwa kwa upande wa dari. Kwa namna hiyo bundi anayo nyumba, nasi hatuna bundi kitandani. Vijana wawili hawakurudi kazini tena. Hatukuwalaumu.

Mwembe ulikuwa ni kesi nyingine, na kwa maoni yetu ngumu zaidi, maana hapo hapakuwa na ushirikina. Palikuwa na hoja za haki kwa pande zote.

Upande wa kusini wa nyumba umesimama mwembe mkubwa sana, na juu yake hulala popo wa Pemba. Wengi wenu mnawajua: si wale popo wadogo wa darini, bali wale wakubwa, wenye manyoya mekundu na uso kama wa mbweha, ambao mabawa yao yakikunjuliwa hufikia mita moja na nusu na zaidi. Ajabu ni kuwa popo hawa hawapatikani popote duniani isipokuwa kisiwani Pemba, na jamaa zao wa karibu wako Komoro, Madagaska na Asia. Bara zima la Afrika halina jamii yao. Mzungu wa Kijerumani aliyewaandika kwa mara ya kwanza mwaka 1909 aliwapa jina la mwenzake, Voeltzkow, aliyefanya uchunguzi kisiwani. Watu wa Pemba, ambao walikuwa wakiwatazama kila magharibi kwa karne nyingi, hawakuulizwa.

Kwa kuwindwa kwa nyama na kukatwa kwa miti mikubwa, mwanzoni mwa miaka ya 1990 walibaki elfu chache tu, na mwaka 1996 waliwekwa katika daraja la wanyama walio karibu kabisa kutoweka. Kisha yakatokea mambo ambayo sisi tulio mbali hatukuyasikia vya kutosha: wanavijiji wenyewe, kwa msaada wa idara ya misitu na wahisani wa nje, waliunda klabu za kuwalinda, kama ile ya Kidike, karibu na njia ya Chake Chake kwenda Wete, ambako wageni hulipa kiingilio kuwatazama. Hesabu zilizofanywa katika miaka ya 2000 ziliwakuta wamezidi 20,000. Ni habari njema adimu katika zama hizi, na ni kazi ya watu ambao hawana hata bati zima juu ya vichwa vyao.

Hata hivyo, habari njema ya kisiwa si lazima iwe habari njema ya paa lako. Kinyesi cha popo kilikuwa kikidondoka juu ya mabati, na mvua ikikipeleka moja kwa moja katika birika la maji ya kunywa. Tawi moja lilikuwa likisugua ukuta kila upepo wa kusi unapovuma. Kaka yetu mkubwa alitaka mti ukatwe wote. Alikuwa na sababu: mama mwenye mapafu dhaifu ataletwa kunywa maji yale? Na mbao za mwembe ule zingelipia milango yote. Upande wa pili, mti ulipandwa na mwenye nyumba wa kwanza, na jirani mmoja alitukumbusha kwa upole kuwa popo wanapoondoka shambani mbegu za miti ya msituni nazo huondoka, kwani wao hula matunda na kuzitawanya.

Tulikwenda kwa bwana misitu, kwa kuwa kwa hali yoyote mti mkubwa haukatwi bila ya kibali. Alikuja mwenyewe kwa pikipiki, akakaa barazani hadi jua lilipotua, akatuambia tutazame juu. Popo waliamka, wakajinyoosha, wakapiga kelele kama watu waliogombania kiti, kisha wakaondoka kwa mafungu kuelekea Ngezi, mbingu ikiwa nyekundu nyuma yao. Kaka yetu, aliyekuwa amekuja kwa siku nne tu kumaliza jambo hilo, alisimama uani na mkono mfukoni. Hakusema neno. Baada ya chakula aliuliza gharama za kuhamisha birika.

Hivyo ndivyo ilivyokuwa. Birika lilihamishiwa kaskazini, na maji sasa hukingwa kutoka upande wa paa usiokuwa na mti. Tawi lile moja lilikatwa kwa kibali, baada ya bwana misitu kuhakikisha kuwa hapana majike yaliyobeba watoto. Watoto wetu wamekatazwa kumshika popo aliyeanguka na kula embe lililotafunwa, kwani madaktari wanasema popo wakubwa huweza kubeba maradhi bila ya wao kuugua. Kwa kelele za nyundo na misumeno popo walihama wote, na kwa miezi mitano mwembe ulikuwa mtupu. Tulijiambia kuwa tumewalinda hadi tukawafukuza. Waliporudi, mwishoni mwa mwaka 2023, jirani alitupigia simu usiku wa manane kwa saa za Deira, kana kwamba ni habari ya mtoto aliyezaliwa. Walikuwa wachache, hawakufika hata nusu ya wale wa mwanzo, na hadi sasa idadi ile ya zamani haijatimia.

Mama yetu alifunga Ramadhani ya mwaka 2024 katika nyumba ya babu yake. Tulimpeleka kwa ndege hadi Unguja na kwa boti hadi Pemba, na barabara ya shamba aliimaliza kwa gari la jirani, akikataa kushikwa mkono. Kitu cha kwanza alichokifanya ni kuuweka mkono wake ukutani, juu ya chokaa mpya, akauacha hapo. Cha pili alichokifanya ni kukosoa: zidaka la chumba cha mjomba limezibwa vibaya, na baraza imeinuliwa zaidi kuliko ilivyokuwa. Alisema kweli kwa yote mawili. Usiku wa tatu bundi alilia. Sisi tulionyanyua vichwa tulimkuta yeye amekwisha kulala.

Kwa wale waliouliza kuhusu kutengeneza au kujenga upya, maoni yetu ni kuwa gharama zilikaribiana, ila muda ulikuwa mara mbili. Mwenye haraka asianze. Mwenye kuanza, kabla ya kununua chochote, na aigonge kila boriti kwa nyundo, abandue kipande cha lipu kutazama nyuma yake, na alale humo usiku tatu bila ya taa.

Uani bado haujasakafiwa, na choo cha nje kinangojea mlango. Ufunguo uko kwa jirani wa eka tatu za chini ya kisima. Jamaa yeyote wa hapa Deira anayepita Pemba anakaribishwa kulala, mradi atuarifu wiki moja kabla. Achukue tochi, afunike maji, asiache embe mezani kwa sababu ya komba, na lile sanduku la mbao lililo juu ya ukuta wa mashariki asilifungue.